TUWAFUNDISHE VIJANA JINSI JAJI ANAVYOTHIBITISHWA

(Haya ni maneno yaliyosomwa na mwenzetu mwenye duka mbele ya walimu wa madarasa ya usiku na wanachama wa tawi. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya matawi ya mbali. — Mhariri)





Nakushukuruni kwa heshima hii mliyonipa, ambayo imezidi kadiri yangu. Mimi, kama mnavyonijua, si mwanasheria wala si mwalimu wa skuli. Elimu yangu ni ya chuoni, na baada ya chuo ni ya nyuma ya meza ya duka, nikipima sukari na unga. Lakini tawi liliponipa zamu ya kuwasomesha vijana namna nchi nyengine zinavyowapata majaji wao, sikukataa, kwani anayekataa kujifunza uzeeni hana haki ya kumlaumu kijana mvivu. Leo nimeitwa nikuelezeni niliyoyasomesha, na zaidi ya hayo, niliyosomeshwa mimi na wanafunzi wangu.

Nilichagua nchi ya Marekani. Sikuichagua kwa kuwa wao ni watu bora kuliko wengine. Niliichagua kwa kuwa shughuli yao ya kumthibitisha jaji hufanywa hadharani, kura zake huhesabiwa, na makosa yao katika jambo hili yameandikwa pamoja na mema yao. Mwanafunzi hupata faida kubwa katika daftari ambalo hasara haikufutwa.

Usiku wa kwanza nilisomesha taratibu. Katiba yao iliandikwa mwaka 1787 katika mji wa Philadelphia. Ibara yake ya pili yasema kwamba Rais ndiye atakayewateua majaji wa Mahkama ya Juu, lakini hatawaweka ila kwa shauri na ridhaa ya Seneti. Seneti ya leo ina watu 100, wawili kutoka kila jimbo katika majimbo 50, jimbo kubwa na dogo ni sawa. Ibara ya tatu yasema kwamba jaji atabaki katika kazi yake maadamu mwenendo wake ni mwema, na ujira wake hautapunguzwa muda wote aliomo kazini. Majaji wa kwanza walikuwa sita kwa sheria ya mwaka 1789, na tangu mwaka 1869 idadi yao ni tisa.

Niliwaambia vijana washike mikono mitatu: mkono unaoteua, mkono unaochunguza, na mkono unaothibitisha. Rais huteua. Kamati ya Sheria ya Seneti, iliyoundwa mwaka 1816, huchunguza: husoma hukumu alizotoa mteule, hotuba zake na maandiko yake, kisha humketisha mbele yake, humwapisha na kumwuliza. Baada ya hapo Seneti nzima hupiga kura, na mwenye wingi wa kura huthibitishwa. Na kwa nini taabu yote hii kwa mtu mmoja? Kwa sababu mtu huyo hatarudi tena kuomba kura. Mbunge mbaya utamngoja miaka michache umwondoe. Jaji wa Mahkama ya Juu aweza kukaa miaka thelathini, na watoto ambao hawajazaliwa siku ile aliyothibitishwa watakuja kusimama mbele yake. Mlango wa kutokea ukiwa mwembamba hivyo, mlango wa kuingilia lazima uwe na bawabu.

Nilidhani nimesomesha vyema. Mara kijana mmoja wa nyuma akasimama akasema, "Mwalimu, maneno yote haya ya nini? Si mwenye wengi katika baraza ndiye atakayempitisha mtu wake? Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, basi." Darasa lote likacheka, na mimi, nasema kweli mbele yenu, sikuwa na jawabu. Nilifunga daftari nikaenda zangu nyumbani.

Ndugu zangu, nakuombeni mwalimu yeyote atakayesomesha somo hili asianze na taratibu kama nilivyoanza mimi. Na aanze na watu. Usiku wa pili nilikuja na watu.

Nilianza na John Rutledge. Mwaka 1795 George Washington, Rais wao wa kwanza, mtu waliyemtukuza kuliko wote, alimweka Rutledge kuwa Jaji Mkuu wakati Seneti haikuwa ikikutana. Rutledge alikuwa ameupinga hadharani mkataba uliofanywa na Uingereza, nao wengi katika Seneti waliutaka. Seneti iliporudi, mwezi wa Disemba mwaka ule, ilimkataa kwa kura 14 dhidi ya 10. Nikamwuliza yule kijana wa nyuma: "Je, aliyemteua hakuwa mkubwa wao?" Akasema, "Alikuwa." Nikasema, "Na walimkatalia, na dola haikuanguka." Hilo ndilo la kwanza kumfundisha kijana: kumwambia mkubwa hapana, kwa kura na kwa mujibu wa sheria, si uasi.

Kisha nikamleta Louis Brandeis, aliyekuwa Myahudi wa kwanza kuteuliwa katika Mahkama ile na kuthibitishwa. Mwaka 1916 Kamati ilifanya kikao cha hadhara juu yake, jambo ambalo halijapata kufanywa kabla ya hapo. Wakaja mashahidi wa kumsifu na wa kumkashifu. Shughuli ilianza mwezi wa Januari na haikwisha mpaka Juni mosi, alipothibitishwa kwa kura 47 dhidi ya 22. Yeye mwenyewe hakuketi mbele ya Kamati. Wa kwanza kuketi na kuulizwa alikuwa Harlan Fiske Stone, mwaka 1925, na tangu mwaka 1955 imekuwa ada kwa kila mteule. Mwaka 1981, alipoteuliwa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza, watu waliyatazama mahojiano majumbani mwao katika televisheni, naye akapita kwa kura 99 bila ya hata moja ya kumpinga. Tazameni basi: maneno ya Katiba hayakubadilika, lakini pazia lilifunguliwa kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya miaka mia.

Mtu wa tatu ndiye niliyekaa naye usiku mzima, kwa sababu khabari zake zimefika hata katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Naye ni Thurgood Marshall. Huyu alikuwa mwanasheria Mweusi aliyesimama mbele ya Mahkama ya Juu katika kesi iliyohukumiwa mwaka 1954, ile iliyosema kwamba kuwatenga watoto Weusi na Weupe katika skuli za serikali ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, na huko aliandika rasimu ya haki za raia, akitaka wachache nao walindwe katika nchi ambayo walio wengi walikuwa karibu kuitawala. Mtu aliyetetea wachache kwao kwa kuwa yeye ni mmoja wao, alikuja kutetea wachache kwetu ambao hawakuwa jamaa zake. Nataka vijana wetu walishike neno hilo, kwani nitalirudia.

Mwaka 1961 Rais Kennedy alimteua Marshall kuwa jaji wa mahkama ya rufaa. Maseneta wa majimbo ya kusini, waliokuwa wakishikilia ubaguzi, hawakusema hatumtaki kwa kuwa ni Mweusi. Walichelewesha. Leo kikao hakipo, kesho karatasi hazijatosha, mtondo mwenyekiti ana udhuru. Karibu mwaka mzima ulipita, na kura ilipofika mwezi wa Septemba 1962, alithibitishwa kwa 54 dhidi ya 16. Mwaka 1967 Rais Johnson akamteua katika Mahkama ya Juu. Seneta Strom Thurmond wa South Carolina akamwandama kwa maswali mengi, tena ya vijisehemu vya historia ya marekebisho ya Katiba yaliyofanywa baada ya vita vya utumwa, maswali ambayo hayakukusudiwa kupata elimu bali kumfedhehesha mtu. Marshall alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua akasema siyajui. Tarehe 30 Agosti 1967 alithibitishwa kwa kura 69 dhidi ya 11, akawa jaji Mweusi wa kwanza katika Mahkama ile.

Niliwaambia vijana wagawe maswali katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni swali linalotaka kumjua jaji: umehukumu vipi, kwa hoja gani, una maslahi gani, umepata kusema nini juu ya haki ya mnyonge. Fungu la pili ni swali linalotaka kumvunja mtu au kumfunga: ahidi kwamba kesi fulani utaihukumu hivi. Swali la namna hii ni rushwa isiyo na fedha. Jaji anayeahidi hukumu kabla ya kusikia kesi ameuza kitu ambacho si chake.

Na hapa yatupasa tuwe waangalifu, kwani wateule nao wamejifunza kujificha. Mwaka 1987 Robert Bork, aliyekuwa ameandika mengi na akaeleza rai zake kwa urefu mbele ya Kamati, alikataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42. Wengi waliomfuata waliona kwamba salama imo katika kusema kidogo. Basi mwanafunzi apime pande zote mbili: jaji asiahidi hukumu, lakini pia asijifunike shuka akasema hana rai juu ya jambo lolote. Mtu mzima aliyesoma sheria miaka thelathini na asiwe na rai ni mtu wa kutiliwa shaka.

Kijana wetu wa nyuma hakuridhika bado. Akasema, "Lakini akisha kuthibitishwa, si atamtumikia aliyemteua?" Nikamjibu kwa mwaka 1974. Rais Nixon alitakiwa kutoa kanda za sauti zilizorekodiwa katika ofisi yake, naye akakataa, akisema Rais hawezi kulazimishwa. Jambo likafika Mahkama ya Juu. Katika majaji wanane waliohukumu, watatu walikuwa wameteuliwa na Nixon mwenyewe. Wa nne aliyeteuliwa naye alijitoa katika kesi kwa kuwa alipata kufanya kazi katika serikali yake. Tarehe 24 Julai hukumu ikatoka: wote wanane kwa kauli moja walimwambia atoe kanda. Mwezi uliofuata alijiuzulu. Wale watatu hawakuwa maadui zake. Walikuwa majaji, tena hawakuwa na khofu ya kuondolewa wala ya kupunguziwa mshahara. Kwa hivyo ridhaa ya Seneti peke yake haitoshi. Lazima ifuatane na usalama wa jaji baada ya kuthibitishwa.

Wala tusiwafundishe vijana kwamba kura ya Seneti humfanya mtu kuwa mwadilifu. Roger Taney alithibitishwa mwaka 1836 kwa taratibu zote, naye ndiye aliyeandika mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Muhuri ulikuwa sahihi, na hukumu ilikuwa dhulma.

Sasa nafika mahali penye uchungu. Mwezi wa Februari 2016 alifariki Jaji Antonin Scalia. Rais Obama, wa chama cha Democratic, akamteua Merrick Garland tarehe 16 Machi. Chama cha Republican, kilichokuwa na wengi katika Seneti, kilisema mwaka huu ni wa uchaguzi, wananchi na wangojwe waseme. Garland hakupewa hata kikao kimoja, na uteuzi wake ulikufa Januari 2017. Mwaka ule ule wa 2017 chama hicho kiliondoa desturi ya kutaka kura 60 ili kufunga mjadala wa mteule wa Mahkama ya Juu, na Neil Gorsuch akathibitishwa kwa 54 dhidi ya 45. Nao wapinzani wao walikuwa wamekwisha kuiondoa desturi kama hiyo kwa majaji wa chini mwaka 2013. Kisha mwezi wa Septemba 2020 akafariki Jaji Ruth Bader Ginsburg. Uchaguzi ulikuwa tarehe 3 Novemba. Chama kile kile kilichosema wananchi wangojwe kilimthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi, kwa kura 52 dhidi ya 48. Walisema safari hii Rais na Seneti ni wa chama kimoja, kwa hivyo hali si ile. Kila mtu na aipime hoja hiyo kwa akili yake. Wahenga wetu walikuwa na neno lao: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikawaandikia vijana ubaoni: Scalia mwaka 1986, kura 98 kwa 0. Ginsburg mwaka 1993, 96 kwa 3. Barrett mwaka 2020, 52 kwa 48. Ketanji Brown Jackson, mwanamke Mweusi wa kwanza, mwaka 2022, 53 kwa 47. Nikasema, someni hesabu hii. Zamani watu wenye rai zinazopingana kabisa walipita kwa ridhaa ya takriban wote. Leo mtu hupita kwa ukingo tu. Bawabu amekuwa haangalii tena mgeni ni nani. Huangalia ametumwa na nani.

Usiku wa tatu nikafanya jaribio, na jaribio hili ndilo ninalokuusieni nyote mlifanye. Niliandika sifa za mteule asiye na jina: miaka yake ya kazi, hukumu zake tatu, na hotuba moja kali aliyoitoa ujanani. Nikaligawa darasa mafungu mawili. Nikaliambia fungu moja, huyu ameteuliwa na watu wenu. Na jengine, huyu ameteuliwa na mahasimu zenu. Wakaanza kuulizana. Wale wa pili walikuwa wakali kama pilipili: hotuba ile ni dalili ya moyo mbaya! Wale wa kwanza wakawa wapole: ujana una mambo yake. Baada ya nusu saa nikawabadilisha. Wakali wakawa wapole, wapole wakawa wakali, na hotuba ni ile ile.

Msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, jaji ndiye aliyebadilika, au ni sisi?"

Hakuna aliyecheka usiku ule. Na yule kijana wa nyuma alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Mabwana na mabibi, nitakuelezeni jambo la aibu yangu. Miaka mingi iliyopita alikuja mkaguzi wa mizani dukani kwangu. Akaweka mawe yake, akaona mizani yangu imepotoka, nayo imepotoka kwa faida yangu. Wallahi sikuwa nikijua. Lakini nilijiuliza usiku ule: lau ingepotoka kwa hasara yangu, je, ningekaa siku ngapi bila ya kujua? Hata moja. Kosa linalotufaidi hatulioni. Ndiyo maana mkaguzi hawezi kuwa mwenye duka, wala mizani haiwezi kukaguliwa na yule anayeuza kwayo.

Basi tujiangalie sisi. Hapa kwetu, kwa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, majaji wa Mahkama Kuu huteuliwa na Rais wa Zanzibar, na Tume ya Utumishi wa Mahkama ndiyo yenye kushauri. Jina la jaji halipelekwi katika Baraza la Wawakilishi kupigiwa kura. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, walichagua njia nyengine: Tume yao humpendekeza Jaji Mkuu, Bunge humwidhinisha, kisha Rais humweka. Mwaka 2011 walioomba kazi hiyo walihojiwa hadharani, na wananchi wakasikia kwa masikio yao. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahkama yao ya Juu ilibatilisha uchaguzi ambao Rais aliyekuwa madarakani alitangazwa mshindi. Nchi nyengine ina njia nyengine, na kila njia ina kasoro zake. Kutaka majaji wahojiwe hadharani ni jambo jema, na wanachama wana haki ya kulisema bila ya khofu.

Lakini mimi nimesikia barazani kwangu, tena kwa vinywa vya watu wa chama chetu, maneno haya: "Siku tutakaposhika serikali, tutaweka majaji wetu." Nauliza, majaji wetu ni akina nani? Ikiwa ni majaji watakaotuhukumu kwa haki tukikosea, nasema amin. Ikiwa ni majaji watakaotupa haki tusiyostahiki, basi sisi hatukuwa tukiichukia dhulma. Tulikuwa tukiionea wivu. Marshall aliandika ulinzi wa wachache kwa ajili ya siku ambayo wengi watakuwa na nguvu. Leo sisi ni wachache, na ulinzi huo tunautaka. Tuwafundishe vijana wetu kuutaka hata siku tutakapokuwa wengi.

Nawausia walimu mambo matatu. Kwanza, someshe kila mwalimu kwa majina, tarehe na kura, si kwa matusi na sifa. Pili, kila mwanafunzi akae upande wa mahasimu zake japo nusu saa. Tatu, kila swali tunalotaka kumwuliza jaji wa wenzetu, liandikwe na liwekwe, ili siku moja tumwulize jaji wetu lile lile, herufi kwa herufi.

Samaki mkunje angali mbichi. Hawa vijana walioketi mikekani, mmoja wao huenda akawa jaji, na mwengine akaketi kumhoji. Namwomba Mungu siku hiyo wamkumbuke yule msichana na swali lake.

Nimekuchosheni. Mliloliona jema lichukueni, na lililo kosa ni langu.

Wabillahi taufiki.